Buibui wa Ua wa Minyaa

Elibariki mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shati lako jeupe kwenda kumuaga mchungaji na majirani. Najua utachelewa, maana kila nyumba watakukalisha, watakupa chai, watakuombea. Mama Juliasi ataniambia tena kwamba angekuwa na mtoto kama wewe angekuwa analala usingizi mzuri. Nami nitamshukuru, kama ninavyomshukuru siku zote.

Mambo ya blanketi, ndoo, sabuni na namna ya kukaa na wenzako bwenini sitayaandika. Umeshaambiwa na kila mtu, na wewe ni mtu wa kujipanga kuliko mimi. Nimekaa mbele ya cherehani, nimesogeza vitambaa vya watu pembeni, ili nikuandikie jambo ambalo sijawahi kukwambia kwa mdomo. Kila nilipotaka kuanza, ulinitazama, nikarudi kwenye kushona.

Unakwenda kusomea utabibu. Watu watalala mbele yako wakiwa hawana nguvu ya kujitetea. Ndiyo maana naandika.

Nianze na wale buibui, kwa sababu ndipo nilipoanza kukosea.

Tulihamia Babati mkoa ukiwa mpya. Baba yako alikuwa dereva wa serikali Arusha, akahamishwa pamoja na magari na makabati ya mafaili, na ofisi alizozikuta hazikuwa hata na mapazia. Nyumba tuliyopanga hapa Nangara ilikuwa na ua wa minyaa mbele na migomba nyuma, na baada ya migomba mashamba ya mahindi ya watu yakiteremka kuelekea ziwani. Hukuwa na rafiki. Watoto wa jirani walicheza kwa Kigorowa, na wewe hukukijua, nao hawakuwa na haraka ya kukufundisha. Ukajitafutia wenzako kwenye majani.

Sizungumzii wale buibui wa pembe za dari, wanaotandaza utando na kungoja. Hawa walikuwa wanene, wenye manyoya, na mbele ya uso macho mawili makubwa meusi. Ukisogea kushoto, buibui anageuka kushoto kukutazama. Miaka ile ya sekondari mwalimu wako wa bailojia alituambia, siku ya wazazi, kwamba jamii yao inaitwa Hyllus, kwamba hawategi, wanawinda kwa macho na kurukia. Aliniambia hayo kwa furaha kubwa, akisema hajapata mwanafunzi mwenye jicho kama lako. Lakini wewe ulikuwa umeyajua tangu darasa la tatu. Ulijua kila mmoja anakaa wapi. Ulinishika mkono ukanitembeza uani kama mwenyekiti wa mtaa anayemtembeza mgeni. "Huyu kwake ni hapa kwenye mnyaa uliokatika. Yule dume mweusi anakaa mgomba wa karibu na choo. Yule mkubwa yuko kwenye mahindi ya Baba Juliasi, mahindi yakivunwa atahamia kwetu." Nilijivunia. Nilimwambia baba yako kwamba mtoto huyu ana akili.

Wakati huo tulikuwa na dada wa kazi, Paskalina, binti wa kutoka upande wa Dareda. Alikuwa akinisaidia kumlea mdogo wako Rehema, aliyekuwa bado anatambaa. Najua unamkumbuka Paskalina. Leo nataka umkumbuke kama ninavyomkumbuka mimi.

Ulikuwa unachomoa uzi mmoja mmoja kwenye rasta zake alizofumua, unafunga inzi, unamning'iniza mbele ya buibui. Buibui anajikusanya, anaruka. Unavuta. Anaruka tena, unavuta zaidi kidogo. Nilikuona ukifanya hivyo mchana kutwa, umekaa umechuchumaa, kimya, uso wako umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Buibui alipochoka kabisa, akabaki amekaa tu na miguu imekunjika, ulimtazama kidogo, ukamuua inzi kwa kidole, ukaondoka. Hukumpa.

Kisha akaja yule jike wa mgombani. Alikuwa amekunja ukingo wa jani kwa hariri, akajifungia humo na mayai yake. Ulichukua wembe kwenye droo ya cherehani yangu, ukaipasua ile nyumba ubavuni. Jioni alikuwa ameshaishona. Asubuhi ukaipasua tena, jioni akaishona tena. Mimi riziki yangu ni kushona. Nilisimama nyuma yako nikasema, "Tazama anavyojua kuziba!" Nikacheka.

Paskalina hakucheka. Alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Mama Eli, mwambie aache. Huyo ana watoto mle ndani. Hatoki hata kula."

"Ni buibui tu, Paskalina."

"Sijasema ni nani, Mama Eli. Nimesema ana watoto."

Nilimwona ana maneno mengi kwa mtu wa umri wake. Kesho yake alilikata lile jani kimyakimya, akaenda kulifichia katikati ya minyaa. Wewe ulipoamka ukatafuta, ukamwuliza, akakujibu, "Ameenda kwao." Hukulia wala hukununa. Ulisema, "Sawa, dada," ukarudi kwenye uji wako. Nami nikafurahi kwamba nina mtoto asiye na kinyongo.

Wiki ile nikaitwa Singida kumzika mjomba wangu. Niliporudi, Paskalina hayupo. Baba yako akaniambia alisinzia jikoni akajimwagia uji wa moto, akapelekwa zahanati, akafungwa bandeji, na yeye akampa nauli arudi kwao. "Angemuunguza Rehema," akasema. "Msichana wa kusinzia hatumtaki." Nikamwuliza nani aliyemwona akisinzia. Akasema, "Eli."

Ulikuwa umekaa kizingitini unamenya karanga. Nilikuuliza kwa upole, kwa sababu sikuwa nimehisi lolote.

"Dada Paskalina alikuwa anasinzia?"

"Hapana, mama. Nilimwekea buibui shingoni."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama ataachia sufuria."

Nakumbuka nilikaa chini palepale, mlangoni, na nguo zangu za msiba.

"Hakuachia," ukaendelea. "Rehema alikuwa amekaa pale miguuni kwake. Kama angeachia ungemmwagikia Rehema. Kwa hiyo akaivutia kwake, hivi." Ukaweka karanga chini ili mikono yako iwe huru, ukanionyesha jinsi alivyoivutia kifuani.

Ulinieleza kama mtoto anayeleta majibu ya mtihani aliofaulu. Baba yako ulimdanganya, lakini mimi ulinipa ukweli wote, bila kuulizwa mara mbili, kwa sababu ulidhani mimi ningependa kujua. Jambo hilo nimelibeba kuliko uji wenyewe. Ulitoa wapi wazo kwamba mimi ningependa kujua?

Nilikupiga kwa rula yangu ya mbao mpaka ikavunjika. Hukulia. Nilipopumzika kidogo kuvuta pumzi, ukaniuliza, "Umechoka, mama?" Haukuwa ujeuri. Ungekuwa ujeuri ningejua la kufanya. Ulikuwa unataka kujua kweli.

Nikaamua twende Dareda kuomba radhi. Njiani, kabla hatujashuka, nikakupa maagizo. Nikakwambia utapiga magoti, utasema umekosa, na utalia.

"Nitalia vipi kama siumwi popote?"

"Utalia hivyo hivyo."

Tulimkuta Paskalina amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yao, kanga ameishika kwa mkono mbali na mwili kwa sababu hakuweza kuvumilia kitambaa kimguse. Kidonda kilianzia chini ya shingo kikashuka mpaka kwenye mkono wa kushoto. Nzi walikuwa wanamsumbua, na mdogo wake alikuwa anawafukuza kwa tawi. Ulipiga magoti kwenye vumbi. Ukasema maneno yote. Na machozi yakatoka, Eli, yakatoka mengi, mabega yakatikisika, kamasi zikashuka, mpaka mama yake Paskalina akakuinua mwenyewe akakufuta kwa upande wa kanga yake. "Mtoto ni mtoto," akasema. "Sisi tumeshasamehe." Akatufungia maharage kwenye mfuko. Mimi nikalia pia. Nililia kwa nafuu. Nikasema moyoni, kumbe anao moyo, ulikuwa umechelewa tu.

Paskalina peke yake hakusema amesamehe. Alikutazama mwanzo mpaka mwisho. Nilipomsogelea kumuaga akaniuliza, "Rehema umemwacha na nani?"

"Na baba yake."

"Umchunge," akasema.

Tukapanda basi. Ulipata kiti cha dirishani. Tulikuwa tumeshaanza kuona milima ya huku kwetu ulipogeuka, macho bado mekundu, ukaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, nimelia vizuri?"

Kulikuwa na mama mmoja pembeni yetu na kuku wake, alikuwa amekuona bado unafuta machozi pale kituoni na alikupa pipi. Alikuwa anasikiliza. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na aibu, na mfuko wa maharage ya watu ulikuwa mapajani kwangu. Nikakujibu, "Vizuri."

Nimekosea mengi kwako lakini jibu hilo ndilo lililokulea. Kuanzia siku ile hukunieleza tena jambo lolote. Ulikuwa umeelewa kinachotakiwa. Watu wazima wote ukawapa shikamoo kabla hawajakukaribia. Wajane ukawabebea maji. Kanisani ukasimama mbele ukasoma neno kwa sauti inayotetemeka pale panapostahili kutetemeka. Buibui uliwaacha kabisa, au uliwaacha nilipokuwepo. Nilikufuatilia kama polisi. Nilipekua begi lako, nilinusa mikono yako, niliuliza walimu. Sikupata kitu. Mama mwingine angepiga magoti kushukuru. Mimi nilikonda.

Na Rehema, alipofikia umri wa chekechea, nikampeleka Singida kwa dada yangu. Mliambiwa ni kwa ajili ya shule, kwamba za kule ni nzuri. Ulikubali, na ulimkumbatia vizuri siku ya kuondoka. Haikuwa kwa ajili ya shule, Eli. Nilimtoa mwanangu nyumbani kwangu kwa sababu ya mwanangu. Sasa anamwita dada yangu "mama," na mimi ananiita "mama wa Babati," kama mtu anavyotofautisha maduka mawili. Nimelipa hivyo kwa jambo ambalo hukulifanya, na ambalo pengine usingelifanya kamwe. Ndilo linaloniuma. Sijui hata kama nilimlinda na kitu.

Halafu baba yako akaanguka.

Kiharusi kilimchukua upande mzima na ulimi. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, ukakaa nyumbani kumwuguza, na mji mzima ukakusifu. Ulimgeuza asipate vidonda. Ulimwosha bila kinyaa, mtu aliyekuwa mkubwa vile. Mikono yako ilikuwa myepesi kuliko yangu, nasema kweli. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema hajawahi kuona kijana wa namna hiyo, na ndiye aliyekushauri uombe nafasi ya utabibu.

Mchana mmoja nilitoka sokoni mapema. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda cha baba yako na kikombe cha maji mkononi, umekishika mbele ya mdomo wake, mbali kidogo. Yeye alikuwa ananyoosha shingo. Alipokaribia, ukakirudisha nyuma. Akanyoosha tena, mishipa imesimama, mate yanashuka upande ule uliokufa. "Kidogo tu, mzee," ulikuwa unasema. "Kidogo tena." Na uso wako ulikuwa uleule wa uani, umetulia, unasikiliza.

Nilikunyang'anya kikombe nikamnywesha mwenyewe. Ukaniambia, "Nilikuwa namfanyisha mazoezi, mama. Tuliambiwa shingo ifanye kazi."

Ni kweli tuliambiwa. Na kliniki iliyofuata mtaalamu akasema shingo imeimarika sana, akakupongeza mbele yangu. Nilisimama pale kama mjinga. Siku hiyo hiyo, ulipokuwa dukani, nilimwinamia baba yako nikamwuliza, "Eli anakutunza vizuri?" Machozi yakamtoka. Lakini tulikuwa tumeambiwa pia kwamba wagonjwa wa namna ile hulia ovyo, hata kwa kuona sahani. Nikamwuliza, "Niambie kwa jicho, ndiyo au hapana." Akafumba macho yote mawili, akayaacha yamefumba. Alikufa bila kunipa jibu, na mimi sikumwuliza tena. Niliogopa.

Kaburini ulilia. Sikukutazama.

Ningeweza kukuacha uondoke hivi hivi. Ila juzi nilikutana na Paskalina soko la Babati. Siku hizi anauza nyanya na vitunguu upande wa nyuma, kanga kaipandisha mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Huwa tunasalimiana kwa sababu watu wapo. Juzi akaniuliza habari zako. Nikamwambia umepata chuo.

"Anasomea nini?"

"Utabibu."

Alicheka. Alicheka akiwa ameshika mzani, mpaka nyanya zikadondoka, mpaka mteja aliyekuwa anangoja akaanza kucheka naye bila kujua kinachochekesha. Halafu akanipimia vitunguu vyangu, akaniongezea kimoja. "Mungu awasaidie," akasema. Hakusema ni akina nani.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikuombi uwe na huruma. Nilikuombea miaka yote, tena kwa kufunga, na kama haikuja kwa maombi haitakuja kwa barua. Nakuomba kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukifanya hata bila moyo. Mgonjwa akiomba maji, mpe papo hapo. Ukijikuta umesimama unasubiri uone atafanyaje, weka ulichoshika, toka nje ya chumba, mwite mwenzako aingie. Usimwambie sababu. Usikae peke yako na mtu asiyeweza kusema. Watoto wachanga, waliopooza, waliolewa dawa ya usingizi, waachie wengine. Mshahara ni uleule. Na mtu atakayekushukuru kwa kumtibu hatajua kama ulimhurumia au la. Jeraha likipona limepona. Nimelifikiria sana hilo na ndilo faraja pekee niliyoipata. Baba yako hakupata hata kidonda kimoja mgongoni. Hiyo ni kazi yako, na ni kazi nzuri, hata kama sitajua ilifanywa na nani ndani yako.

Inawezekana nimekusingizia. Inawezekana ulikuwa mtoto aliyefanya uovu mmoja mkubwa, kama watoto wengine, kisha ukakua, na mimi nikaendelea kumtazama yule mtoto wa karanga kila ulipoinua kikombe. Nikiwa nimekosea, basi nimeishi na kijana mwema kwa miaka yote hii nikimnusa mikono, na hakuna ukatili nilioufanya unaozidi huo. Sijui. Nimekuzaa na sijui.

Rehema anarudi kesho. Basi lake litafika mchana, baada ya lako kuondoka. Nimepanga hivyo. Atalala chumbani kwako. Godoro nimeshaliweka juani ulipokuwa unaoga, ukadhani nakusafishia wewe. Likizo ikifika, usije mpaka nikuite. Watu wakikuuliza, sema masomo ni mengi. Utasema vizuri.

Sasa umeona ninavyoandika. Nimeanza barua hii nikiwa na nia ya kukushauri, na nilipofika kwenye habari ya godoro nikafuta sentensi niliyokuwa nimeiandika kwa upole, nikaweka hii, kwa sababu hii inaingia ndani zaidi. Mikono yangu haitetemeki. Nimekaa hapa mtulivu kabisa.

Nilikusudia kuificha kwenye sanduku, katikati ya mashuka, uikute huko mbali. Nimebadili. Nitakukabidhi kesho stendi, ukishakaa dirishani, nikwambie uifungue kabla gari halijaondoka. Mimi nitakuwa nimesimama chini, kwenye vumbi, na wote waliokuja kukusindikiza, na sitapunga mkono. Nataka kuuona uso wako ukifika kwenye mistari hii.

Sasa unajua tabia hiyo uliipata kwa nani.

Mama yako